Jedwali la Veronika

Siku mliponiaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, mkasema hata kurasa mbili zitatosha. Zitazidi mbili, mtanisamehe. Mwalimu mstaafu ni mtu aliyenyang'anywa kengele, na hakuna wa kumwambia kipindi kimekwisha. Habari za kupanda madaraja sitaziandika. Zimo kwenye jalada langu, na hata humo zilifika zimechelewa. Nitaandika juu ya mada ya kwanza ya Baiolojia ya Kidato cha Kwanza, ile ambayo wengi wenu mnaipitia mbio mbio ili mfike kwenye seli: jinsi mtu anavyouliza swali, anavyokisia jibu, anavyopima, halafu anavyokubali alichokipata hata kama hakimpendezi. Niliifundisha kwa kutumia mwili wa mwanafunzi mwenyewe, kwa kuwa hicho ndicho kifaa pekee ambacho shule yetu haikuwahi kupungukiwa nacho.

Ninaandika nikiwa Mwankoko, kibarazani kwangu. Mbele yangu kuna matuta ya vitunguu ambayo majirani wanasema nimeyapanda kwa mistari iliyonyooka kupita kiasi. Ikifika saa moja na nusu asubuhi bado mwili wangu unataka kusimama mbele ya watu. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikuwa naoga, navaa viatu vya kazini, halafu nakaa kitandani nikivitazama. Sasa nimeacha kuvivaa, lakini kuamka sijaacha.

Nilikulia mjini Singida, kwenye duka la vitambaa. Ukoo wa baba ulitoka pwani ukaweka makazi huku, mama yangu ni Mnyaturu. Kibarazani kwetu alikaa fundi cherehani, na kutwa nzima nilimwona akizungusha futi yake mabegani, viunoni na vifuani mwa watu, huku wakipiga soga. Kwangu mimi kumpima mtu halikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Nalitaja mapema kwa sababu ujinga wangu wa baadaye ulianzia hapo.

Shule niliyopangiwa ilikuwa ya kutwa, ukiiacha barabara kuu upande wa Ihanja na kutembea kama nusu saa. Maabara ilikuwa chumba chenye meza tatu, sinki lisilo na bomba, na kabati lililofungwa kwa kufuli la thamani kuliko vilivyomo ndani. Mwenye ufunguo alikuwa Mwalimu Msengi, Mnyiramba mwembamba aliyekaribia kustaafu, mwenye koti la maabara ambalo zamani lilikuwa jeupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa chaki tatu na kuniambia zinatakiwa kufika Ijumaa.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa cha mapigo ya moyo. Niliwaonyesha wanafunzi pa kuweka vidole viwili, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, nikawaambia wahesabu dakika moja na kuandika. Nilikusanya madaftari arobaini na nane, na yote arobaini na nane yalisema sabini na mbili. Nilifurahi sana. Nilimpelekea Mwalimu Msengi nikitarajia sifa. Alifunua matano, akayafunga.

“Hongera, Mwalimu,” aliniambia. “Umepata watoto arobaini na nane wenye moyo mmoja.”

Kitabu kilikuwa kimeandika sabini na mbili, na watoto wale hawakuwa wajinga. Tangu darasa la kwanza walikuwa wanajua ni kitu gani kinachopewa tiki. Wengine hawakuupata hata mshipa wenyewe, walishika mkono wakanyamaza kwa heshima mpaka dakika ikaisha. Kesho yake Mwalimu Msengi alisimama mlangoni na kopo tupu la mafuta ya kupikia, akakusanya vifutio vyote. Kuanzia hapo katika maabara yetu iliandikwa kwa kalamu ya wino tu, na namba iliyokosewa ilipigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka. Aliwaambia hatatoa alama kwa jibu la kitabu, kitabu kimeshafaulu siku nyingi. Atatoa alama kwa mtu aliyeandika alichokiona. Tulirudia zoezi, tukapata sitini na nne, themanini na nane, tisini na moja, na mmoja aliyepata mia mbili na kumi kwa sababu alihesabu kwa kasi aliyoipenda.

Vifaa vyetu mnavijua, vingine nimewaachia. Saa ya kusimamisha ilikuwa moja, ya kutia ufunguo, na kila dakika ilikimbia sekunde mbili mbele. Tuliizoea tabia yake tukawa tunazitoa. Vipimajoto nilivikuta sita, mwaka uliofuata vikawa vinne, na zebaki ya vile viwili ilikaa kwenye chupa yenye maji juu ya kabati. Futi ya fundi niliileta kutoka dukani kwa baba, sikumbuki kama niliomba. Uzito tuliupima kwa mizani ya kuning'iniza magunia ya alizeti tuliyoazima kijijini: mwanafunzi anashika ndoano kwa mikono miwili, anakunja magoti, mwenzake anasoma haraka kabla hajachoka. Siku moja mkuu wa shule alitaka kupimwa naye. Tulimwambia mizani ina hitilafu, tukanusuru mizani na heshima yake kwa mpigo mmoja.

Mkiniuliza nakumbuka nini kuliko vyote, si matokeo ya mitihani. Nakumbuka ile dakika moja. Kidato cha Kwanza hawanyamazi, mnawajua. Lakini ukiwaambia kila mmoja ahesabu moyo wake, ghafla chumba kinatulia. Midomo inacheza bila sauti, macho yanatazama pasipo na kitu, kila mtoto anajisikiliza mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nasimama mbele yao na saa mkononi nikitamani dakika isiishe. Hapa Mwankoko ninacho kimya kingi, asubuhi mpaka jioni, lakini si kile. Kile ningekilipia nauli hadi popote.

Baada ya dakika hiyo tuliwatoa nje wakimbie hadi kwenye tangi la maji na kurudi, halafu wahesabu tena kila dakika mpaka moyo urudi ulikotoka. Hapo ndipo tuliingiza lile neno refu la kitabuni, homeostasisi, ambalo lilikuwa linawatisha. Mwalimu Msengi hakuwa na papara nalo. Aliwaonyesha namba zao ubaoni, zikipanda na kushuka, akasema mwili si jiwe, haukai mahali pamoja. Unatoka na kurudi, siku nzima, bila kukuambia. Unapotoka jasho, unapotetemeka kwa baridi ya Juni, unapokuwa na kiu, ni mwili unajirudisha nyumbani. Ukiona umetoka na haurudi, kuna jambo. Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika kwenye maandalio yangu ya somo nikaipigia mstari. Niliiona nzuri sana, na nikaishia hapo.

Mwaka wangu wa nne nilijiona nimekomaa. Mwalimu Msengi alikuwa amekwenda kwao Iramba kwenye msiba wa shemeji yake, nami nikatunga peke yangu kazi ya likizo ya Juni. Kisio letu lilikuwa kwamba moyo wa mtu aliyetulia hupiga karibu sawa kila siku, awe mtoto au mzee. Kila mwanafunzi angepima watu wa vizazi vitatu nyumbani kwao, asubuhi kabla hawajainuka kitandani, kwa siku sita. Jedwali lilikuwa na safu nne: siku, jina, mapigo, pumzi. Nilitaka pia wapime urefu wa kila mtu mara moja na kuuandika kwenye nafasi chini ya jedwali, tuone kama urefu una uhusiano wowote na mapigo. Kwa kuwa futi ilikuwa moja, nilinunua kamba ya katani, nikaikata vipande arobaini na nane, na kwenye kila kipande nikafunga fundo kila baada ya sentimita kumi. Vidole vilichubuka. Niliwagawia nikajisifu moyoni kwamba mwalimu wa kweli hashindwi na ukosefu wa vifaa.

Katika darasa lile alikuwepo Veronika Njiku. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mwandiko wa kusimama wima, na wakati wa masomo alikaa kwa shangazi yake karibu na shule. Kwao ni Mkiwa, kwa bibi yake mzaa baba, aliyemlea tangu akiwa ananyonya. Alikuwa na kasoro moja, hakuweza kuvumilia nafasi tupu kwenye jedwali. Kwa kasoro hiyo nilimpenda kuliko ilivyofaa mwalimu kumpenda mwanafunzi mmoja. Alikuja kuniambia kwamba kwa bibi hakuna saa yenye mshale wa sekunde. Nilivua yangu ya mkononi nikampa.

Yaliyofuata niliyapata baadaye, mengine kutoka kwake, mengine kutoka kwenye daftari. Bibi alilipenda zoezi la mapigo. Kila asubuhi alikuwa anatoa mkono nje ya blanketi kabla hajaombwa, na dakika ikiisha alikuwa anauliza kama hesabu imekamilika au wahesabu tena. Nadhani alichopenda ni kushikwa mkono. Lakini siku ya pili, alipoonyeshwa kamba, alikataa. Kule kwao, na kwingi huku kwetu, kamba ya katani yenye fundo humpima mtu akiwa amelala moja kwa moja, ili wachimbaji wajue urefu wa shimo. Fundi wa nguo anakupima umesimama, mnacheka. Kamba ni habari nyingine. Mimi, mtoto wa dukani, sikuwa nimewahi kuzitenganisha.

“Mimi nitapimwa kwa kamba mara moja tu,” bibi alimwambia. “Na siku hiyo sitaki uwe wewe.”

Veronika aliacha nafasi tupu. Ikamsumbua Jumatatu, ikamsumbua Jumanne na Jumatano. Tena alikuwa ameshafikiria tatizo lingine: mgongo wa bibi ulipinda, na akisimama kipimo kitakuwa na kosa, lakini akilala chali mgongo hunyooka. Nawaomba mtambue kwamba hayo ni mawazo ya mtafiti hodari. Mwanafunzi mvivu angeandika namba yoyote. Alhamisi adhuhuri bibi alisinzia kwenye mkeka uani, akiota jua, na Veronika akainyoosha kamba taratibu kutoka kisiginoni hadi utosini. Wakati huohuo baba yake mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, aliingia akitoka shambani. Alimkuta mama yake amelala chali hajitikisi, na mjukuu ameshika kamba kichwani. Alidhani mama amekufa. Alipiga yowe, mama akaamka, na akaiona kamba.

Ijumaa bibi hakuinuka. Jumamosi, walipokuwa wanatafuta usafiri wa kumpeleka zahanati, alifariki.

Nilipata barua ya shangazi kutoka msibani, kupitia kwa kondakta wa basi. Iliandikwa kwa adabu nyingi. Ilisema Veronika hatarudi shuleni, kwamba wakubwa wameamua, na kwamba pale nyumbani hakuna anayemwita kwa jina. Niliisoma nimesimama. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa anaambiwa ameua mtu aliyemlea, na kamba aliyodaiwa kumuulia nilikuwa nimeikata mimi kwa mkasi wa dukani kwetu.

Nilifika Mkiwa siku ya pili baada ya mazishi, nimebeba sukari na majani ya chai. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani kwenye mikeka. Nilitoa pole, nikapokelewa kama mgeni wa msiba anavyopokelewa, maana watu wa huku hawakosi adabu hata wakiwa na hasira. Kisha baba mkubwa akaniita nikae karibu yake. Hakupandisha sauti.

“Mwalimu, mtoto wetu tulimleta kwenu akasome,” alisema. “Hatukumleta akajifunze kumpimia bibi yake kaburi.”

Nilimwomba ruhusa ya kumwona mtoto. Alikuwa nyuma ya jiko, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, peke yake. Aliniamkia, akatoa saa yangu kwenye leso akanirudishia kabla sijasema neno. Halafu aliniuliza lile swali, akilitazama daftari lililokuwa mapajani mwake.

“Madam, ni kamba ndiyo imemuua?”

Ningeweza kusema hapana, akaitikia ndiyo Madam, asiamini. Nilimwomba daftari. Jedwali lilikuwa safi, kwa wino, bila kufutwa popote. Jumapili mapigo sabini na nne, pumzi kumi na nane. Jumatatu sabini na sita. Jumanne themanini na nne. Jumatano tisini na mbili, pumzi ishirini na nne. Alhamisi asubuhi, saa kadhaa kabla ya kamba, mia moja. Ijumaa mia moja na kumi na mbili, pumzi thelathini na mbili. Nililisoma mara tatu. Nikamshika mkono Veronika tukaenda mbele ya mabenchi, nikamwomba baba mkubwa aniruhusu niwasomee wote.

Nilisoma polepole, siku kwa siku. Mzee mmoja aliuliza namba hizo zina maana gani kwa mtu ambaye hakusoma. Baba mkubwa akaninyooshea mkono wake. Nikahesabu, watu wote wakiwa kimya, nikapata sabini na nane. Nikamwambia: huu ni moyo wako, umekaa, una huzuni, hujalala vizuri siku tatu. Wa mama Ijumaa ulipiga mia moja na kumi na mbili akiwa amelala. Ulianza kupanda Jumanne, na kamba ni ya Alhamisi. Pumzi nazo hivyohivyo. Nilisema sijui ugonjwa, mimi si mganga, lakini ninavyoona ni kichomi, na kilimwingia kabla mjukuu hajaigusa kamba.

Baba mkubwa alilichukua daftari akalitazama, ingawa sidhani alikuwa anasoma.

“Tangu Jumanne,” alisema. “Na sisi sote tulikuwa hapa.”

Kisha baba mkubwa akainua kichwa, akasema, “Veronika, mletee Mwalimu wako maji.” Mtoto alikwenda kuyaleta, na nikaona wanawake waliokuwa mlangoni wakimpisha na mmoja akimgusa bega. Wiki ya shule kufunguliwa alikuwa kwenye dawati lake.

Niliondoka Mkiwa siku ile nikiwa nimeridhika, na hili nalisema kwa aibu. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimetumia swali, vipimo na ushahidi kumtoa mtoto kwenye hatia, mbele ya watu wasioamini, kama kitabu kinavyotaka. Nilikuwa kituoni nangoja gari, narudia namba zile kichwani kwa furaha, ndipo zilipobadilika. Themanini na nne. Tisini na mbili. Mia moja. Siku nne mfululizo namba zilikuwa zinasema, na mtoto hodari kuliko wote niliowahi kumfundisha alikuwa anaziandika kwa mwandiko mzuri, anapiga mstari kwa rula, anafunga daftari. Ndivyo nilivyomwagiza. Nilimfundisha kupima, nilimfundisha kutofuta, sikumfundisha kwamba ukiona namba inapanda unainuka unamwita mtu mzima. Zahanati haikuwa mbali kiasi hicho. Ushahidi uleule uliomtoa yeye kwenye hatia uliniingiza mimi. Nilimwacha bibi yule afe katika jedwali langu, safu ya tatu na ya nne, na nisingehitaji kuwa mganga ili nizuie kifo hicho. Niliketi juu ya jiwe kando ya barabara nikalia, mwuza karanga mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Mwalimu Msengi aliporudi kutoka Iramba nilimweleza yote. Nilitegemea anifokee kuhusu kamba, hakuitaja. Alilitaka jedwali, akalikagua kwa muda mrefu, akauliza lina safu ngapi. Nikamwambia nne. Alisema imepungua moja. Akachukua rula ndefu ya ubaoni, akachora safu ya tano, na juu yake akaandika: Umemwambia nani? Kuanzia muhula ule hakuna jedwali la mwili wa mtu lililotoka kwenye maabara yetu bila safu hiyo, na mmeikuta, na najua baadhi yenu mmekuwa mkiiona ni ushamba. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza imetoka kwenye muhtasari upi. Mwalimu Msengi alimjibu kwamba imetoka Mkiwa.

Safu ile imefanya kazi. Wapo watoto waliowaambia mama zao, mama wakaenda kupimwa. Wapo waliowaambia walimu wenzenu, na mwalimu mmoja wa Hisabati yuko hai kwa sababu ya mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyempata na mapigo ya ajabu akang'ang'ania kumwambia. Siku hizi mnaweka kidole kwenye kamera ya simu na namba inatokea yenyewe, sina ugomvi na hilo. Ila simu haina safu ya tano, itabidi mwichore wenyewe.

Mwalimu Msengi alistaafu mwaka mmoja baada ya msiba wa Mkiwa, na hayupo tena. Ninamkumbuka kila nikikuta kifutio. Natamani hata siku moja nimpelekee madaftari mezani, ayafunue matano, aniambie kitu cha kuniudhi. Kamba niliacha kutumia, tukawa tunapima urefu ukutani, kwa alama za chaki, mtu amesimama.

Veronika alimaliza Kidato cha Nne, akafaulu, akaondoka. Nilisikia ameolewa Kahama, wengine wakasema Geita. Baba mkubwa alifariki na ile nyumba ya Mkiwa ina watu wengine. Nimeulizia kwa shangazi, kwa waliosoma naye, kwa makondakta. Simtafuti kwa sababu ya kumjulia hali tu. Miaka yote aliyoendelea kukaa mbele yangu sikumwambia nilichokigundua kituoni. Nilijiambia bado mtoto, asibebeshwe. Nilijiambia hajaona, na kwamba nikimwonyesha nitamrudisha nyuma ya lile jiko.

Lakini alikuwa ameona, na hilo ndilo limebaki kuandika. Wiki Mwalimu Msengi alipochora safu ya tano, tuliwapa wanafunzi zoezi jipya wapimane wao kwa wao. Nilikusanya madaftari nikakaa nayo maabara baada ya chakula cha mchana. La Veronika lilikuwa na zoezi jipya, safi kama kawaida. Lilikuwa pia na kijiti cha ufagio kimewekwa kati ya kurasa za nyuma, kama alama. Nilifungua hapo. Lilikuwa jedwali la Juni. Kando yake, bila kuagizwa na mtu, alikuwa amepiga mstari kwa rula, akaandika juu swali lile, akajaza. Hakuandika kwa Kiingereza kama sheria ilivyotaka. Jumapili na Jumatatu aliandika: Hakukuwa na la kusema. Jumanne: Sikumwambia mtu. Jumatano: Sikumwambia mtu. Alhamisi: Sikumwambia mtu. Ijumaa nafasi ilikuwa haitoshi, akabana herufi mpaka ukingoni mwa karatasi: Sikumwambia mtu, nilijua Madam ataona shule ikifunguliwa.

Cha kuandika chini ya mstari ule nakijua leo. Nimekiandika kichwani mara nyingi, hapa kibarazani, nikiwa napalilia, nikiwa nangoja chai ichemke. Ni maneno matatu: kosa ni langu. Ningetoa chochote nilichonacho nilishike daftari lile tena kwa dakika moja. Siku ile nilikuwa na madaftari thelathini yaliyosalia. Niliinua kalamu nyekundu, nikaandika “Nimeona”, nikaweka tarehe, nikavuta daftari lililofuata.